Pudini Isiyokuwa na Wiski

Huku chini mtoni, Misisipi inapokaribia kumwaga maji yake baharini na kila nyumba ina mti wa machungwa uani, mwanamke asiyejua kupika hatukanwi. Anaambiwa alete barafu. Waumini wa kanisa la Pisga ni watu wastaarabu sana, hawasemi neno baya mbele ya mtu, ila wanaandika. Orodha ya chakula cha sherehe ya kanisa ilibandikwa mlangoni mwa ukumbi, na kwa mwaka wa nne mfululizo ilisema vilevile: Melvina, barafu.

Kosa lilikuwa lake, hata yeye hakatai. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa alitaka kuwapendeza wakwe zake, akapika pudini ya mkate kwa mkate laini wa dukani, ule uliokatwa vipande na kufungwa kwenye karatasi. Mtoto wa miaka sita wa Pisga angeweza kumwambia kwamba pudini haipikwi hivyo. Inatakiwa mikate mirefu ya Kifaransa, iliyokaa siku tatu mpaka ukiigonga inalia kama ukuni. Mkate laini ulikunywa maziwa ukalewa, na ulipotiwa kijiko ukatiririka. Clotille, dada wa mumewe, alisimama katikati ya ukumbi akapaza sauti: "Jamani, leteni vikombe! Pudini ya wifi inanywewa!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Jioni Melvina alirudi nyumbani na trei yake imejaa, na huku hakuna aibu inayozidi hiyo.

Miaka yote hiyo pudini ilikuwa ya mama mkwe wake, Mama Odalie, mwanamke mfupi mwenye fimbo na kofia kubwa za Jumapili. Alikuwa ameipika miaka thelathini. Sosi yake ilikuwa ya wiski, na wiski yenyewe haikupimwa kwa kijiko. Wachungaji watatu waliopita waliila wakaisifu, na kila mmoja aliiita wiski ile vanila.

Mchungaji wa nne hakuwa hivyo. Alikuwa kijana kutoka kaskazini mwa Luiziana, ambako watu wanaogopa hata siki, na Jumapili ya mwisho ya Novemba alitangaza kutoka mimbarini kwamba hakuna tone la kilevi litakaloingia ukumbini, hata kama limejificha ndani ya chakula. Alisema hivyo akimtazama Mama Odalie.

"Pudini bila wiski ni mkate uliolowa," Mama Odalie alisema nje ya kanisa, kwa sauti ya kusikika mpaka ofisini kwa mchungaji. "Basi mwaka huu hakuna pudini. Tuone watakula nini."

Alidhani waumini watamwasi mchungaji wao kwa ajili yake. Melvina alidhani jambo jingine kabisa, na moyo wake ulianza kwenda mbio pale pale kwenye ngazi za kanisa.

"Nitapika mimi," alimwambia mumewe, Alcide, walipofika nyumbani.

Alcide alivua koti polepole. Alikuwa mume mwema, na waume wema hawapendi vita kati ya mke na mama. "Mke wangu, kwani barafu ina ubaya gani? Barafu haijawahi kumkosea mtu."

"Alcide."

"Nasema tu."

"Nataka trei yangu ikwanguliwe mpaka chini. Na wanaoikwangua wajue ni yangu. Siku moja tu. Baada ya hapo nitabeba barafu mpaka nife, wala sitalalamika."

Alcide akamtazama, akaona machozi yako karibu, akaacha utani.

Alhamisi ya wiki ya sherehe mikate minne mirefu ilikuwa inakauka juu ya friji, imekatwakatwa, imefunikwa kitambaa. Clotille alipita kuazima sufuria, au ndivyo alivyosema. Macho yake yalipanda moja kwa moja juu ya friji.

"He! Wifi, unafuga mkate siku hizi?"

"Karibu, wifi. Sufuria hiyo hapo."

"Nakupenda, ndiyo maana nakwambia. Mama amesema hakuna pudini. Ukiipeleka, utakuwa umemkosea Mama na mchungaji na tumbo langu, yote siku moja." Akasogea dirishani na sufuria yake kwapani. "Na ule mdanzi bado hujaukata? Mwanamke una moyo!"

Mti ule ulikuwa kidonda kingine. Baba yake Melvina, mzee Numa, alikuwa mkulima wa machenza maisha yake yote, na siku ya harusi ya bintiye alimletea mchenza mchanga aliopandikiza kwa mkono wake juu ya shina la mdanzi, maana mdanzi una mizizi migumu. Ukaja usiku mmoja wa barafu, ukaua kila kitu juu ya pandikizo. Kilichochipua chini yake kilikuwa mdanzi wenyewe, wenye miiba mirefu na matunda machachu ya kukunja uso. Huku mkulima mwenye haya hukata shina kama hilo kabla majirani hawajaliona. Melvina hakuukata, kwa sababu baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mikono yake ilikuwa imeshika shina lile.

"Mama anasema mti huo umefanana na wewe," Clotille alisema. "Tulidhani tumeletewa chenza."

"Mwambie Mama nashukuru kwa salamu," alijibu Melvina, akamfungulia mlango. Mlango ulipofungwa aliupiga teke.

Ijumaa alijaribu sosi. Alikuwa na kikapu cha machenza kutoka kwa kaka yake, mazuri, mepesi kumenya. Alikamua, akachemsha maji yake pamoja na sukari na siagi, akatia wanga wa mahindi kidogo ili iwe nzito, akamwita Alcide na kijiko.

"Tamu," Alcide alisema.

"Tamu tu?"

"Tamu sana."

"Alcide, usinifanyie hivyo."

Alcide akahema. "Tamu kama dawa ya kikohozi."

Melvina akaonja, na ilikuwa kweli. Moto ulikuwa umeua harufu yote ya chenza, na kilichobaki kilikuwa sukari inayolala ulimini bila kusema kitu. Aliimwaga. Akakaa kwenye kiti cha jikoni akalia kwa hasira, si kwa huzuni, na kati ya kulia na kupenga kamasi akaanza kufikiri kama binti wa mkulima badala ya kufikiri kama mkwe wa mtu. Chenza halina meno. Wiski ya Mama Odalie ilikuwa na meno, ndiyo maana watu waliipenda. Wanachokosa watu wa Pisga si ulevi. Wanakosa kitu cha kuwauma kidogo baada ya utamu.

Akainua macho akatazama dirishani.

Jumamosi asubuhi alirudi kutoka uani na madanzi kumi na mawili kwenye aproni na mikwaruzo mpaka kiwikoni. Safari hii hakuharakisha. Aliparua maganda ya machenza na ya madanzi mawili, ile rangi ya juu tu, akaacha nyama nyeupe maana hiyo ndiyo yenye uchungu. Akasugua maganda na sukari kwa vidole mpaka sukari ikalowa na kugeuka rangi, na jikoni kukanukia kama shamba la baba yake mwezi wa mavuno. Akayeyusha siagi, akatia sukari ile, maji na wanga, akakoroga mpaka ikawa nzito. Ndipo akaepua. Nje ya moto, sufuria ikiwa imetulia, akamimina maji ya machenza na maji ya madanzi, nusu kwa nusu.

Akaonja, na bega moja likaruka lenyewe.

"Alcide!"

Alcide akaja, akalamba kijiko. Akakichovya tena bila kuombwa, Melvina akampiga mkono.

"Umetia wiski," Alcide akasema.

"Sijatia hata tone."

"Mungu wangu," akasema Alcide, na akaketi.

Pudini yenyewe ilikuwa imebaki kazi ya mikono tu. Mkate mkavu aliulowesha kwenye maziwa, mayai, mdalasini na kungumanga, akaupa saa nzima unywe taratibu bila kuvunjika. Akakunjia ndani zabibu kavu na makopo mawili ya matunda mchanganyiko, yaliyochujwa vizuri. Baada ya saa moja ya oveni, juu palikuwa kahawia na pembe zimepanda. Alipotingisha trei, katikati palitikisika kidogo tu, ndivyo panavyotakiwa. Akaegemea meza, akaitazama pudini yake. Hakukuwa na mtu wa kumsifu, akajisifu mwenyewe.

Jumapili, ibada ilipokwisha, aliingia ukumbini kwa mlango wa mbele akaiweka trei na jagi la sosi kwenye meza ya vitamu. Mama Odalie alikuwa amekaa nyuma ya meza ile, mahali pake pa miaka yote, kofia ya zambarau kichwani, kijiko cha kupakulia mkononi, akilinda keki za watu. Aliitazama trei, akatazama jagi la sosi, kisha akamtazama mkwewe.

"Nilisema hakuna pudini," akasema chinichini.

"Nilisikia, Mama."

"Ukiaibika, utaaibika peke yako."

"Ndiyo, Mama."

Na Melvina akaenda kubeba barafu, maana orodha ilikuwa bado ni orodha.

Kwa desturi ya Pisga shemasi mkubwa ndiye anayefungua meza ya vitamu, na shemasi mkubwa alikuwa Ferdinand, mzee wa miaka themanini na moja asiyejua kunong'ona. Melvina alikuwa anaingia na mfuko wa pili wa barafu kifuani aliposikia sauti yake.

"Dada Odalie! Nimekula pudini yako miaka thelathini. Hii imezishinda zote! Kweli, jungu kuu halikosi ukoko!"

Melvina akasimama palepale mlangoni.

Foleni ya watu ilikuwa imemwona Mama Odalie na kijiko chake, ikaamini macho yake. Ikarefuka mpaka kwenye piano. "Dada Odalie, unatuua!" "Dada Odalie, na hukutia wiski? Basi tulikuwa tunaipoteza bure!" Hata mchungaji kijana alikuwa na bakuli mkononi, anacheka kwa mara ya kwanza tangu ahamie. Trei ilikuwa inashuka, nusu, chini ya nusu, jina la mwingine likiwa kwenye kila kinywa. Melvina aliona kwamba anapata nusu ya alichoomba, na nusu ile ilimuuma kuliko kukosa yote. Akisema, watasema ana kijicho, na vijiko vitasimama. Akinyamaza, mambo yameisha.

"Sasa, Dada Odalie," Shemasi Ferdinand akanguruma, akiwa amerudi na bakuli tupu, "tuambie. Umetia nini humu?"

Ukumbi ukatulia kusikiliza. Mama Odalie akaitazama trei. Alikuwa hajaionja hata kidogo. Clotille, aliyekuwa anakata keki kando yake, akamwinamia: "Sema limau, Mama. Sema limau tu."

Mama Odalie akachota kijiko kutoka pembeni mwa trei, penye ukoko, akakitia kinywani. Alitafuna kwa muda mrefu bila kumtazama mtu. Bega lake la kushoto likaruka. Wote waliliona, na yeye alijua wameliona. Mtu anaweza kuwa mkali miaka thelathini na asiwe mwongo, na mle ukumbini hakuwahi kudanganya zaidi ya kuacha wiski iitwe vanila.

"Ferdinand," akasema. "Umesema hii imezishinda zangu zote?"

"Zote, dada yangu! Mungu shahidi!"

"Basi geuka uyaseme hayo mlangoni. Mimi sikupika. Amepika mke wa Alcide, yule pale, mikono imekufa ganzi kwa barafu yenu."

Watu mia moja wakageuka. Melvina aliona kwenye nyuso zao vile vikombe vilivyoitishwa mwaka ule wa kwanza. Shemasi Ferdinand alimtazama, akatazama bakuli lake, akamtazama tena. Halafu mzee yule akatembea mpaka mwisho wa foleni, akasimama nyuma ya watoto, bakuli limenyooshwa mbele. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, kisha piano ikaingilia, na ukumbi mzima ukapaza sauti. Alcide ndiye aliyekuja kumpokea ule mfuko, maana Melvina alikuwa amesahau kwamba ameushika.

Foleni ilipokwisha Clotille alikuwa anakwangua pembe za trei kwa kidole. Melvina akasogea mezani, na mama mkwe wake akamgongea kiti kwa fimbo, akae. Wanawake wakasogea nao kusikiliza.

"Kesho njoo nyumbani kwangu," Mama Odalie akasema, kwa sauti yake ya kawaida, yaani ya kusikika na wote. "Nataka kuona ile sosi inavyopikwa."

Zamani Melvina angesema ndiyo, Mama. Neno lenyewe lilifika mpaka kwenye meno.

"Hapana, Mama," akasema. "Njoo wewe kwangu. Mimi sosi yangu naipikia jikoni kwangu."

Wanawake wakavuta pumzi. Clotille akaacha kidole ndani ya trei. Mama Odalie akaishika fimbo yake kwa mikono miwili, akamtazama mkwewe kutoka chini ya ile kofia ya zambarau, tena akamtazama, na tabasamu likaanza kumponyoka upande mmoja wa mdomo.

"Saa ngapi?" akauliza.