Nafasi ya Médiatrice Mkekani

Mama alifariki alfajiri, na kabla jua halijazama tulikuwa tumeshamzika, kama ilivyo desturi yetu Waislamu. Asubuhi ile, kabla hata ya kuwapigia binamu zangu, nilimtumia Médiatrice ujumbe wa sauti: "Mama ametutoka." Akajibu upesi: "Pole sana, dada. Courage, jipe moyo. Utaniambia programu."

Programu! Sikumjibu. Mtu haji matangani kwa kadi ya mwaliko.

Médiatrice ni mtumishi wa serikali, anakaa mtaa wa Ngagara. Kila akitoka kazini hupitia dukani kwangu, tukanywa chai katikati ya majora ya vitenge. Wateja huniita rafiki ili niwapunguzie bei. Yeye hajawahi kununua hata leso, na ndiyo maana nilimpenda. Sina mume wala mtoto. Nilitaka mtu mmoja tu mjini hapa, asiye ndugu wala mteja, aje akae nami kwa sababu ni mimi.

Siku tatu za matanga nikamwekea nafasi ubavuni pangu, mkekani. Shangazi mmoja mnene alitaka kuikalia, nikamwambia pana mtu. Binamu yangu Rania, ambaye ulimi wake haujui matanga, akaniinamia.

"Yule wa Ngagara hajakuya?"

"Atakuya."

"We Miza! Mutu wa kunywa naye chai si mutu wa kulia naye."

Nilimchukia Rania kwa sababu nilianza kumwamini. Mume wa Médiatrice alipofariki, mwili ulikaa morgi, chumba cha maiti, wiki nzima ukingoja ndugu kutoka Ulaya, nami nilikwenda Ngagara kila jioni, nikakaa na wafiwa mpaka siku ya kuzika. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, husema watu. Sijui aliyeachwa peke yake na dhiki yake aseme nini.

Siku ya nne, mikeka imekwisha kukunjwa, Médiatrice akaingia amevaa nguo nyeusi.

"Dada, mbona haukuniambia kitu? Mi niliomba ruhusa ku kazi, nikangoja siku ya kuzika. Nimekuya kuuliza, mama iko morgi gani?"

"Tulimuzika siku ile ile."

Akashika mdomo. "Siku ile ile? Mungu wangu, sikujua!"

Akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Hasira yangu yote ikaniishia, nikaona aibu. Angejulia wapi, maskini, ikiwa kwao maiti hungojewa? Nikamketisha, nikamshika mkono. Naungama, nilifurahi, msiba na yote.

Akajifuta macho. "Na muzee, baba yako? Anavumilia?"

Baba yangu alikufa nikiwa msichana. Alianguka akiswali adhuhuri, na magharibi ilitukuta tumeshamzika. Nimemsimulia Médiatrice habari hiyo mara nyingi, kikombe mkononi, naye akitikisa kichwa na kusema pole.

Nikamtazama. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiongea na ukuta wenye adabu. Nilitaka kumwonyesha mlango. Lakini akiondoka, nyumba ingebaki na mimi tu, jioni ile na jioni zote zinazofuata, na hilo sikuliweza.

"Anavumilia," nikamwambia, nikaenda kuchemsha chai.