Doa la Mafuta Ukutani

…bado halijatoka vizuri, na akisogeza kidole kulia kidogo tu, pale kwenye kile kipimo cha kunolea picha kwenye simu, anachokiita mparuzo, lipu itachomoza, kila chembe ya chokaa isimame peke yake, na doa la marehemu mkewe litakaa mbele kama lilivyokaa miaka yote kwenye ukuta huu wa chumba cha ndani, mahali Barka alipokuwa akiegemeza kichwa chenye mafuta ya nazi, akishona kofia… "Mzee, nipake ama nisipake?" Kamau huyo, fundi rangi, ndoo ya chokaa mkononi, na Hamdun anamwambia ngoja kwanza bila kubandua macho kwenye simu, kwa sababu ukuta ukishapakwa ni picha hii tu itakayobaki, nyingine hakuna, Barka hakukubali hata moja, kila alipomwelekezea simu alijifunika leso, akamwambia sura yangu ikatazamwe na wanaume wa nti gani, zipije kuta zako hizo, naye alizipiga kweli, kuta, milango, kutu, magamba ya rangi, simu nzima imejaa kuta, msanifu wa jukwaa hata akiwa matangani anapima kivuli… lakini mparuzo huu umezidi, doa limekuwa jeusi, doa la mchezoni, analijua, angelitengeneza mwenyewe kwenye ubao mpya kwa majani ya chai, gundi na sponji, na watu wa viti vya nyuma wakaapa kwamba nyumba ni ya mababu, kama ule ukuta wake wa Mombasa ambao mwigizaji aliuegemea ukaondoka naye, mlango na dirisha lake, ukumbi ukavunjika mbavu, na Barka alipohadithiwa akasema kuta zako Bwana Hamdun zataka mke wa kuzishikilia, akacheka mpaka sindano ikamchoma… arudishe nyuma basi, arudishe… "Baba, muache Kamau afanye kazi," binti yake huyo, Israa, yuko chumba cha pili anakunja mashuka ya harusi yake, "ukuta huo haungoji makofi," na Kamau anacheka puani, Hamdun hacheki, maana ni Israa aliyetaka chumba hiki kipakwe, akae humu watu wakija kumtazama bibi harusi, na yeye alimwambia sawa mwanangu, huku moyoni akisema hata mwaka haujaisha, ana roho ya namna gani mtoto huyu, mama yake anafutwa kwa brashi naye anahesabu mito… apunguze mwanga, aongeze kivuli, hivyo, polepole, sasa… sasa ukingo wa kushoto mbona umebonyea, mbona doa lina kiuno, kichwa hakina kiuno, labda simu inazua, anautazama ukuta wenyewe, doa moja, anarudi kwenye simu, madoa mawili, yamegusana, moja pana, limekolea, na jingine ubavuni mwake, juu kidogo, changa, la mtu aliyekaa bega kwa bega na mwenzake mkekani, na ni nani humu ndani aliyemzidi Barka urefu, na alasiri zote zile za ugonjwa wa Barka yeye alikuwa karakana kwake Wiyoni, akirudi magharibi anakuta mgonjwa kaoshwa, kalala, uji umefunikwa, hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu ameketi hapa saa nyingi, amemshikilia mama yake ili asiinamie upande, kichwa nyuma, macho darini, siku baada ya siku, maana ubao unadanganyika asubuhi moja lakini lipu haina haraka, inakunywa tone kwa tone… "Mzee, chokaa inaganda," anasema Kamau, sauti yake kama inatoka barabarani, na Hamdun amesimama palepale, simu mkononi, anaishusha polepole, kwa sababu sasa anakumbuka vilevile ilivyokuwa juzi, Kamau aliuliza tunapaka yote ama kuna ya kuacha, na Israa, aliyekuwa amesimama hapa, anatazama hapa, alijibu yote, akimaanisha madoa haya, yote mawili, na baba mtu akasikia nyumba yote.