Mwendo wa Kubeba Kibuyu

Mimi siendeshi gari, lakini siku ile nilikanyaga breki kutoka Omurushaka mpaka Ihanda. Nilikuwa kiti cha nyuma, vibuyu viwili vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, nimevibana kwa magoti, mguu wangu wa kulia ukikandamiza kapeti mpaka kisigino kikafa ganzi. Aliyepaswa kukanyaga breki alikuwa mdogo wangu Gideon. Yeye miguu alikuwa ameikunja kwa raha zake, kama mtu aliyekaa uani anasubiri chai.

"Gideon, rudisha mguu mahali pake."

"Dada Sperancia, gari linajua kazi yake. Tulia."

Nitulie! Mbele yetu wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba, jeusi tii, na sisi tulikuwa tunalifuata kwa kasi kana kwamba limetuita. Matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza kugonga kioo.

Gari lile Gideon alilinunua Bukoba, nami nilikuwepo. Muuzaji alimwonyesha kitufe kwenye usukani. Ukikibonyeza, gari linashika mwendo uliouweka na kuendelea nao hata ukiondoa mguu. Wenyewe wanakiita kruzi. Kikiwa kinafanya kazi, kitaa cha kijani kinawaka mbele ya dereva, na ukigusa breki kinazimika. Yule muuzaji alisema na jambo la pili, tena alilirudia: mvua ikinyesha, usikiguse, kwa sababu kwenye maji gari linahitaji mguu wa mtu. La kwanza Gideon alilidaka. La pili sijui liliangukia wapi.

Lakini siku hiyo hakuwa anajionyesha tu, nisimsingizie. Tulikuwa tunakwenda kuposa. Mzee Aristides, baba yake Benitha, alikuwa ameshaturudisha mara moja. Safari ile tulipita makorongo ya Nkwenda kwa pupa, rubisi ikatikisika ikafura, ikasukuma vizibo vya majani ya mgomba, na tulipofika nusu ilikuwa imekwisha na iliyobaki imevurugika. Mzee aliitazama tu. Akasema watu wasioweza kufikisha pombe salama wasimwombe mtoto. Na kwetu, usipoweka rubisi mbele ya wakwe, huna mdomo wa kusemea. Tangu hapo tukawa tunasikia kwamba kuna familia ya Muleba nayo inaulizia habari za Benitha. Gideon alikonda, kweli alikonda.

Kwa hiyo safari hii baba mdogo Rwegasira, mshenga wetu, aliitengeneza rubisi kwa mikono yake, na alipoketi kiti cha mbele alimwambia Gideon neno moja tu: "Isitikisike."

"Haitatikisika, baba," Gideon alijibu. "Zamani mlibeba kibuyu kichwani, mkitembea mwendo mmoja, hamkimbii wala hamsiti. Kruzi ndiyo hiyohiyo. Mwendo mmoja mpaka mlangoni."

Baba mdogo alifurahi sana. Alisema huyu mtoto ana akili. Tulipopanda lami Omurushaka Gideon akabonyeza kitufe, kitaa cha kijani kikawaka, na rubisi ikatulia kwelikweli. Baba mdogo akasinzia.

Mimi sikusinzia. Mvua iliporomoka ghafla, ikafuta milima na mashamba ya kahawa, ikabakiza kipande kidogo cha barabara. Kila gari lililokuja mbele lilikuwa linatambaa. Sisi mwendo wetu ni uleule.

"Gideon, toa hicho kitu. Yule mtu alisema nini?"

"Nikianza kugusagusa breki, rubisi itafura. Unataka turudishwe tena?"

"Nataka tufike."

"Tutafika, Dada."

Kabla hajafunga mdomo, tuliingia kwenye maji yaliyotuama upande wa kushoto, na gari likaacha kuwa gari. Usukani ukawa mwepesi, niliuona mikononi mwake ukizunguka bila kazi. Tairi zilikuwa zinaelea, na injini ikanguruma yenyewe, ikisukuma vilevile, maana hakuna aliyeiambia iache. Gideon alikunjua mguu akautafuta mkanyagio wa breki, akaukanyaga kwa nguvu. Mkia wa gari ukachepuka. Niliona mtaro, nikaona mgomba mmoja karibu mno na kioo changu, kisha tairi zikaishika lami tena na tukarudi barabarani.

"Mawe!" baba mdogo alipiga kelele, ameamka, akimwita mama yake kwa lugha yetu.

Kitaa kilikuwa kimezimika. Nilimshukuru Mungu. Lakini vibuyu vilikuwa vinachemka magotini mwangu, povu linapumua pembeni mwa vizibo, na Gideon aliusikia ule mlio. Uso wake nikauona kwenye kioo. Hakuwa anauogopa mtaro. Alikuwa anamwogopa Mzee Aristides.

"Mmeona?" alisema kwa sauti iliyokauka. "Breki moja tu, tazameni inavyofura!" Akaongeza mwendo, akabonyeza tena kitufe. Kijani kikawaka.

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Mama alipofariki, huyu nilimbeba mgongoni. Nimemlisha, nimemsomesha kwa kahawa niliyoianika mwenyewe, na sasa ananipeleka kufa, na yeye mwenyewe anakwenda kufa, kwa ajili ya pombe ya ndizi. Nilijua hatanisikia. Mtu mwenye mapenzi humwambii kitu. Kilichokuwa kinaendesha lile gari kilikuwa vibuyu viwili.

"Gideon," nilisema, "shika usukani vizuri, usishtuke. Naimwaga."

Alicheka. Nilichomoa kizibo, nikakiinamisha kibuyu cha kwanza chini ya miguu yangu. Kicheko kikakatika. Rubisi ilitoka kwa vishindo, ikajaza kapeti, ikaingia viatuni mwangu, vuguvugu. Baba mdogo aligeuka, akashika kichwa. Nikachukua cha pili.

"Dada! Dada, nakuomba!"

"Toa hicho kitu kwanza."

Hakutoa. Nikamwaga.

Kilipobaki kitupu, niliona bega lake likishuka. Aligusa breki taratibu, kijani kikazimika, akaliegesha gari pembeni na kutoka kwenye mvua na suti yake mpya. Akanifokea mbele ya baba mdogo, maneno ambayo hajawahi kunitamkia, kwamba nimemwonea wivu, kwamba sitaki aoe, nataka abaki mtoto wangu. Nililia, lakini sikumwomba radhi.

Aliporudi ndani aliendesha kwa miguu yake mwenyewe, polepole, kwa hasira tu. Tulipozunguka kona iliyofuata, bondeni, barabara haikuonekana. Maji mekundu yalikuwa yanakatiza lami kutoka mashambani, yamebeba vigogo vya migomba. Gideon alisimama kabisa. Alisubiri mpaka yakapungua, ndipo akavuka kwa mwendo wa mtu anayepapasa njia gizani.

"Hapa tungeingia na ule mwendo…" baba mdogo alianza, akaacha.

Ihanda walikuwa wametungojea, viti vimepangwa. Mzee Aristides aliitikia shikamoo zetu, akaja mpaka kwenye gari, akachungulia. Harufu ya rubisi ilimpokea kabla yetu. Akatuingiza ndani, tukaketi.

"Iko wapi?"

Baba mdogo alikohoa. Nikasogea mbele. "Nimeimwaga mimi, waitu," nilisema kwa heshima. Nikaeleza yote, kruzi, mvua, mtaro, bila kupamba. Nilipomaliza mzee alimgeukia Gideon. "Na wewe unasemaje?"

Nilijua Gideon atanitupia lawama mimi, na nilishajiandaa. Alikuwa analowesha sakafu ya watu.

"Niliogopea vibuyu," alisema. "Watu niliowabeba nikawasahau."

Pazia la mlango wa ndani lilicheza. Benitha alikuwa nyuma ya lile pazia.

"Binti yangu atapanda gari lako siku moja," Mzee Aristides alisema. "Siku hiyo dada yako hatakuwepo kukumwagia." Aliliacha neno hilo likae. "Mtarudi na rubisi nyingine. Hata mje kwa miguu."

Kisha akachukua kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu hupewa mgeni aliyepokelewa. Alimpa baba mdogo. Akampita Gideon bila kumtazama, akanipa mimi. Huko Karagwe nzima sidhani kama kuna mposaji aliyewahi kurukwa na kile kikapu mbele ya mchumba wake. Gideon aliinamisha kichwa.

Nilipasua ganda kwa meno. Ndani kulikuwa na punje mbili, moja nikaitia kinywani, nyingine nikamsogezea Gideon chini ya meza. Aliipokea. Alitafuna akitazama chini, na mguu wangu wa kulia bado ulikuwa unakandamiza sakafu.