Cha Nane

"Saba," daktari alisema, akahesabu tena kwa ncha ya kalamu kwenye kioo cha mashine. "Vile vile vya mwaka jana. Hakuna kilichokua, hakuna kilichoongezeka. Inuka, mama, ujifute."

Mwewe alibaki amelala, tumbo limepakwa ile jeli baridi, asijue acheke au alie. Mwaka wa tatu sasa anakuja hapa, na mwaka wa tatu haelewi. Alizaliwa, aliambiwa, na mshipa uliokosea njia: damu inayotakiwa kupita kwenye ini inalikwepa na kwenda zake moyoni. Ini, kwa kunyimwa haki yake, likaota vinundu. Haya. Mbona basi haumwi? Anakula, analala, akibeba gunia wanaume wanampisha!

"Daktari, niambie kweli. Mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?"

"Vinundu hivi si saratani. Tunaviangalia tu, maana kimoja kinaweza kubadilika."

Tunaviangalia! Ghalani kwao hakuna mambo hayo. Miaka kumi na tisa anachambua maharage: zima kwenye gunia, bovu kwenye sinia, basi. Nani ana muda wa kulitazama harage moja mwaka mzima? Hilo jina la Mwewe lenyewe ni la kazini, kwa vile jicho lake halipitwi na punje iliyotobolewa na mdudu. Wenzake humtania kwamba hata usingizini huchambua.

"Mungu mkubwa," alisema dada yake aliyemsindikiza, mkoba tayari begani. Walikuwa wameshaelezwa: vikibaki saba, nyumbani hadi mwakani, kikizuka kipya, kulazwa, sindano ndani ya ini, na pengine kisu. Na Mwewe ana watoto watatu wasio na mwingine wa kumsubiri jioni.

Aliinuka, akageuka kuchukua karatasi ya kujifutia, jicho likapita kwenye kioo. Lilipita tu, kwa mazoea, likakwama. Pale chini, pembeni, nyuma ya kivuli, kitu kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Nyamaza, alijiambia. Nyamaza, mwanamke wee, umeshapewa mwaka mzima.

"Na hicho?" mdomo ukasema.

Kalamu ya daktari ikasimama. "Wapi?"

"Hapo. Shuka kidogo. Hapo hapo."

Daktari akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Huenda ni mshipa tu," akasema hatimaye. "Huenda si kitu. Lala tena."

"Lakini wewe nawe!" Dada akafoka, machozi yakimlenga. "Umeajiriwa hapa? Daktari mwenyewe kaona saba, wewe kiherehere cha nini?"

"Sijui, dada. Haki ya Mungu, sijui."

Na kweli hakujua. Aliogopa, na bado, aibu iliyoje, ndani yake kulikuwa na kijifuraha cha kuona ambacho mwenye elimu yake hakukiona. Mtu kama huyo umfanyeje, na ndiye wewe mwenyewe?

Jeli nyingine, baridi kuliko ya kwanza. Safari hii daktari alikigeuza kioo upande wake, Mwewe akabaki na mgongo wa mashine na nyaya zake.

"Vuta pumzi. Izuie."

Akavuta. Dada naye, bila kuambiwa, akavuta, mkono umeushika mguu wa mdogo wake. Kile kidude cha mashine mkononi mwa daktari kikateleza chini ya mbavu, kikarudi, kikatulia mahali pamoja. Wote wawili wakangoja kuambiwa waachie.