Fungu la Asiyekuwepo

Mwalimu wa darasa la Jumamosi alikuwa na ugomvi na methali. Alizichukia kama unavyomchukia shemeji anayefika saa ya kula na kuondoka bila kuaga. Huandika moja ubaoni, akarudi nyuma, akaitazama kwa jicho la upande, kisha akawageukia wanafunzi wake, watu wazima wote, waliobanana ghorofani juu ya duka la magodoro. Dalili ya mvua ni mawingu. Haya, ni mawingu mangapi yamekupita kichwani bila kukulowesha? Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kasema nani, na huyo aliyesema aliona kwa macho yake? Neno "kwa hiyo" lilikuwa halimtoki mdomoni, wakambandika jina la Bwana Kwahiyo, naye akalipokea kama cheo.

Watu hao walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu, ule wenye sehemu ya kupima hoja inayowaangusha hata wenye vyeti vya kutisha. Unapewa maelezo mafupi, unapewa hitimisho, unaulizwa: hoja hii imechukulia nini bila kusema? Au: jambo gani, likiwa kweli, litaidhoofisha? Chini yake yamepangwa majibu matano. Bwana Kwahiyo aliwakataza kuyatazama. Funika kwa kiganja, alisema, utafute mwenyewe dhana iliyojificha, ndipo ufunue. Majibu yale ni wapambe, yanakuja na marashi, ukiyatazama mapema yatakuoza kwa mume usiyemtaka.

Aliyelishika somo hilo kuliko wote alikuwa mpimaji wa damu wa zahanati moja, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi. Kutwa nzima jicho lake lilikuwa kwenye hadubini, kwa hiyo (mnaona, hata mimi ameniambukiza) kutoamini haraka ndiyo iliyokuwa kazi yake. Hakutaka chuo ili apate cha kujigamba nacho. Alitaka kuondoka. Chuo kilikuwa mji mwingine, safari ya kutwa nzima, na machoni pake hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake kubwa.

Aliyekuwa amemfunga ni mumewe, na mume mwenyewe hayupo. Alikuwa fundi umeme. Asubuhi moja alitoka na mkoba wake wa koleo na bisibisi, akasema anakwenda kutazama waya wa mtu, na tangu siku hiyo mwaka wa tatu unakatika. Polisi hawakumwona, hospitali hawakumwona, chumba cha maiti ndiyo kabisa. Mke wa marehemu hulia, akafuta machozi, akaanza upya. Mke wa aliyepotea afanyeje? Anakaa. Na huyu alikaa nyumbani kwa mama mkwe wake, wawili tu, mlango ukipigwa komeo kila jioni.

Mama mkwe alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtu wa mizaha mingi, ila kwa jambo moja hakuwa na mzaha. Kila jioni, kabla hajampakulia mtu mwingine, alimpakulia mwanawe kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, akaiweka mezani na kuifunika kwa bakuli kubwa. Majirani walipomkumbusha kwamba asiyekuwepo na lake halipo, aliwajibu kuwa methali hiyo ilitungwa na mlafi. Na kila asubuhi sahani ilikutwa tupu. Si tupu tu, bali imefudikizwa, tumbo chini mgongo juu, kama alivyozoea fundi umeme tangu utotoni ili nzi wasitue. Mama mkwe aliinua bakuli, akatazama, akasema, "Amekula." Kisha akaenda kuchemsha chai.

Hiyo ilikuwa hoja nzima, na ilisimama wima. Sahani ni tupu, imefudikizwa, mwenye tabia ya kufudikiza ni yeye, kwa hiyo yu hai. Na maadamu yu hai, mkewe ni mke, na mke anayesubiri hafungi mizigo. Miezi ya mwanzo mpimaji aliogopa hata kuipitia karibu sahani ile. Baadaye aliizoea, kama watu wanavyozoea ufa ukutani.

Mpaka jioni moja ya mazoezi. Alikuwa mezani, kitabu huku, bakuli kule, na swali lilihusu mlinzi wa ghala. Kila jioni taa ya mlangoni huachwa ikiwaka, asubuhi hukutwa imezimwa, kwa hiyo tajiri anasema mlinzi wake hurudi kuizima. Hoja imechukulia nini? Mpimaji akafunika majibu kwa kiganja. Imechukulia kwamba hakuna mwingine anayejua swichi ilipo. Akainua macho, yakagota kwenye bakuli. Jamani. Ni nani mwingine aliyejua kwamba yule bwana hufudikiza sahani? Si aliyemfundisha?

Basi akaanza kuona aliyokuwa hayaoni. Magauni ya mama mkwe yalikuwa yamefumuliwa kiunoni na kuachiliwa zaidi ya mara moja mwaka ule. Mwanamke yule alikuwa akiamka gizani, anakula chakula cha mwanawe, anaifudikiza sahani, halafu asubuhi anajidanganya mwenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mpimaji aliingia chumbani kwake, akalia kwa mara ya kwanza kama mjane, na alipomaliza alijisikia mwepesi, na wepesi huo ukamtia aibu. Kuuliza hakuuliza. Utamuulizaje mkweo habari ya kula? Hata asiye na haya, hapo haya humshika. Akasoma kwa bidii, akajiandikisha mtihani.

Kituo alichopangiwa kilikuwa kwenye mji uleule wa chuo, kwa hiyo ilibidi aseme. Alisema Jumapili mchana, mama mkwe akiwa kwenye cherehani anashona kola. Mashine ikasimama. Mpimaji alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa lawama, hata kwa kufukuzwa. Alichopata ni swali.

"Nenda, mwanangu. Ila ukishaondoka, chakula chake atakula nani?"

Mpimaji akamuuliza ana maana gani. Mama mkwe akacheka kwa haya, akakata uzi kwa meno, na bila kumtazama akaeleza kwamba alijua siku nyingi. Alijua mkwewe anasoma mpaka usiku na kusoma kunaleta njaa, ndiyo maana akawa anaongeza upawa mmoja kwenye sahani ile. Hakusema kitu, maana mkwe hamuulizi mkwe habari ya tumbo lake. Kilichomgusa zaidi ni ile heshima ya kuifudikiza, ili mama mtu afurahi. Kwa hilo alikuwa akimwombea dua kila siku.

Mpimaji akasogea karibu na cherehani. "Mama, mimi sijaigusa sahani ile hata siku moja. Nilidhani ni wewe."

"Mimi? Mimi nikilala ni gogo. Unene huu ni wa kukaa kwenye kiti hiki."

Wote wawili wakageuka kuitazama meza. Ilikuwa meza tu, mchana kweupe, na sahani ya ukingo wa buluu ilikuwa imeoshwa na kuegemezwa dirishani ikauke. Wakaanza kuondoa majibu moja moja, kama darasani. Paka? Paka hafunui bakuli akalirudisha. Panya hafudikizi. Mwizi gani huyo apite kwenye madirisha ya nondo, aache cherehani, ale wali? Walipofika mwisho wa orodha hawakubaki na jibu hata moja.

Mama mkwe akaiacha kola juu ya cherehani. Uso wake ulikuwa umelainika kama wa msichana. "Basi kumbe yupo," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa najifariji, kumbe yupo kweli."

Mpimaji aliogopa, lakini chini ya hofu palikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi, na ni vizuri tukiseme: wivu. Mume amerudi kila siku, amepita mlangoni pa chumba chake, amekwenda kwenye sahani. Kitanda chake hakikuwahi kubonyea upande wa pili. Hakuja kwangu, alijiambia, alikuja kula kwa mama yake.

Jioni ile alileta utepe wa kubandikia chupa za damu, akaubandika kuzunguka bakuli lote mpaka kwenye mbao za meza. Wakalala kitanda kimoja, mkwe na mkwe, mlango umefungwa na ufunguo uko chini ya mto. Asubuhi utepe ulikuwa palepale, haujakunjika hata pembe. Mpimaji akaubandua kwa ukucha, kidogo kidogo, akiomba akute chakula. Akainua bakuli. Sahani ilikuwa tupu, imelala kifudifudi.

Jumamosi alimpelekea Bwana Kwahiyo hoja hiyo, akaivalisha nguo za swali la mazoezi: nyumba fulani, sahani fulani, utepe fulani. Mwalimu alisikiliza huku akifuta ubao. Akasema swali ni zuri, alilitoa kitabu gani? Mpimaji akasema amelisahau. Mwalimu akamwambia kwamba anayeliuliza ameshughulika na mlango, bakuli na utepe, ameuliza aliingiaje, lakini kuna jambo amelichukulia tangu mwanzo na hajalipima hata mara moja.

"Lipi?" aliuliza mpimaji.

"Funika majibu, utafute," alisema Bwana Kwahiyo, akapiga dasta ukutani, vumbi likawazunguka wote wawili.

Hakulipata. Siku ya safari ikafika kabla hajalipata. Mama mkwe alimfungia mkate na mayai ya kuchemsha, akamtengenezea kola iliyokuwa imetengenea tayari, akamwambia aende kwa amani na asiwe na wasiwasi juu yake hata chembe.

"Sitakuwa peke yangu," alisema, na macho yake yalikuwa makavu, yanang'aa.

Ndani ya basi mpimaji aliutazama mji wao ukirudi nyuma, nguzo za umeme zikipita moja baada ya nyingine, na kadiri ulivyozidi kuwa mdogo ndivyo kifua chake kilivyozidi kupanuka. Mwenye mwana amebaki na mwanawe. Yeye hakuwa na deni kwa yeyote, si kwa aliye hai wala kwa yule asiyejulikana ni nini. Afaulu tu. Afaulu, apate nafasi, asirudi.

Alipanga chumba katika nyumba ya wageni karibu na ukumbi wa mtihani, chumba cha kitanda, meza na msumari mmoja wa kutundikia nguo. Jioni alinunua wali na maharage kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, akaazimwa sahani pia. Alikula vijiko viwili tu, mawazo yakarudi kwenye mtihani. Akaifunika sahani kwa kitabu chake cha mazoezi, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine, akapiga komeo, akalala.

Asubuhi aliamka amechelewa kidogo, akawa anafunga viatu na kurudia kanuni kichwani kwa wakati mmoja, simu ikalia. Ni mama mkwe, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, hakula."

Mpimaji akaacha kamba ya kiatu.

"Nimeinua bakuli, chakula kimejaa vilevile, juu kimekauka. Nimeonja, nikadhani labda nimezidisha chumvi. Hakina kasoro." Alikuwa akijizuia kulia. "Au kuna mahali ameenda? Niambie wewe uliyesoma."

Mpimaji alikuwa tayari ameanza kugeuka kuelekea mezani, polepole, kama mtu anayegeuka na mzigo kichwani. Kitabu kilikuwa palepale alipokiacha, ila kimekaa juu zaidi na hakijalala sawa. Akakinyanyua. Chini yake palikuwa na mgongo wa sahani.

Hapo ndipo dhana ikatoka ilikojificha, na wala haikuwa na ujanja wowote. Wote walichukulia kwamba anafuata sahani. Hakuna aliyewahi kuipima sahani ile siku ambayo mpimaji hakulala nyumbani, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo siku kama hiyo haikuwahi kuwepo. Hakuwa akirudi kwa mama yake. Alikuwa akila pale mkewe alipo.

Aliogopa, akakaa kitandani. Na ndani ya hofu ileile, Mungu amsamehe, akafurahi. Alifurahi kama mtu aliyechaguliwa, akakumbuka basi na nguzo za umeme na kifua chake kilivyopanuka, akajua kwamba hakuna chuo kilicho mbali vya kutosha. Masikioni mwake mwanamke mzee bado alikuwa akisubiri jibu. Angesema kweli, angemnyang'anya mtoto wake kwa mara ya pili.

"Mwekee tena leo, Mama," alisema. "Labda jana alichelewa."

Akakata simu, akamaliza kufunga kiatu, akachukua kalamu na kitambulisho. Alipofungua mlango, alitoka, akaushikilia kwa mkono ukiwa wazi, kama unavyomsubiri mtu anayemalizia kuvaa viatu. Kisha akaufunga taratibu, wakaenda kwenye mtihani.