Muhuri wa Kichwa Chini

Katika kampuni yetu hakuna anayesema hapana. Nimefanya kazi hapa Osaka miaka ishirini na sita, tukitengeneza gemu, na neno hilo nimelisikia nyumbani kwangu tu. Pendekezo jipya huandikwa kwenye karatasi, karatasi hupita meza kwa meza, na kila mkuu hugonga muhuri wa jina lake hadi ifike kwa mkurugenzi. Asiyelipenda hugonga vilevile, ila jina huligeuza kichwa chini. Maana yake tunaijua sote: sikuzuia, lakini mambo yakiharibika msinililie mimi. Ni kuuma huku ukipuliza, na wengi wetu tumepandia vyeo humo.

Februari ile, karatasi iliyofika mezani kwangu ilikuwa ya Wakui. Wakui ndiye aliyenipokea nikiwa sijui hata kushika kalamu ya kuchorea. Ndiye aliyembuni Sungura Rubani wa gemu zetu, ambaye watoto wa nchi hii wamekua naye na sasa wanawanunulia watoto wao. Mimi nilipanda hadi ukuu wa idara, yeye akabaki mchoraji wangu, na hakuwahi kunionyesha kinyongo. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, muda wa kutengeneza gemu moja tu.

"Hii ndiyo ya mwisho, Kusakabe," aliniambia tukiwa tumesimama tunakula tambi za udon kwenye kibanda cha ng'ambo ya stesheni. "Nikifa nikaulizwa nilifanya nini duniani, nijibu nilichora sungura?"

"Utajibu ulichora kumi na moja, kaka."

Alicheka hadi akapaliwa na mchuzi. Alipojifuta mdomo hakuwa akicheka tena.

"Wote watatazama muhuri wako kwanza," akasema. "Wewe ndiye unayenijua."

Nilikuwa nimeshaicheza gemu yake ya majaribio. Ndani yake wewe ni mama tarishi wa kijiji kitakachozamishwa na bwawa, na unapeleka barua za kuwaamuru watu wahame. Kila unayempa barua, nyumba yake inabaki tupu. Hakuna adui, hakuna pointi, hakuna kushinda. Nyumba ya tatu kuna bibi anayekataa kuipokea. Anakukaribisha chai, anakusimulia kabichi zake za kuchachua, na kesho ukirudi anakukaribisha tena. Nilirudi kwa bibi yule mara tisa. Chakula cha mchana kilinipita, na nilipoinua uso nilikuwa nalia, mtu mzima na tai yangu shingoni. Nasema hivi ili isije ikadhaniwa kwamba sikujua nilichokishika.

Kesho yake alikuja Numata, mkuu wa mauzo, akakalia ukingo wa meza yangu.

"Nasikia mchoraji wako anataka tuuze msiba."

"Ni gemu nzuri, bwana Numata."

"Nani kakataa? Hata shairi ni zuri. Umeona wapi watu wamepanga foleni ya shairi? Sungura anakula majani, sisi tunamla sungura. Usiache mbachao kwa msala upitao." Kisha akapunguza sauti. "Ezoe unamkumbuka? Yake nayo ilikuwa nzuri."

Ezoe alikuwa mkuu wa idara ya tatu. Gemu yake ilidoda, idara ikavunjwa, watu wake wakatawanywa, na mwenyewe akapelekwa kusimamia maboksi ghalani. Idara yangu ina watu arobaini. Ningeweza kusema niliwaogopea wao, na ingesikika vizuri. Nilijiogopea mwenyewe.

Numata alipoondoka nilichukua muhuri, nikauchovya wino, nikaugeuza, nikagonga. Nilijiambia kwamba nimeidhinisha, na kwa kweli nilikuwa nimeidhinisha. Wino mwekundu ulikuwa pale, kila mtu angeuona. Nikaisogeza karatasi kwa jirani na kwenda kutafuta chai.

Wakuu wanne walionifuata waligeuza mihuri yao. Nani angeunyoosha wake, ilhali aliyelelewa na Wakui mwenyewe ameugeuza? Karatasi ilipofika kwa mkurugenzi Hatanaka, aliiweka kando, akamwandika Wakui kwenye Sungura wa kumi na mbili.

Alichofanya Wakui sikukitarajia. Asubuhi iliyofuata niliitwa juu, nikamkuta mbele ya meza ya mkurugenzi, ameinama, mgongo umelala kama ubao.

"Wakui anasema macho yako siku hizi si mazuri," Hatanaka aliniambia. "Anasema uligonga bila kuona, na wenzako wakafuata mkumbo. Anaomba karatasi izunguke upya."

"Ni ile miwani yake, mkuu," Wakui alisema akiwa bado ameinama. "Kila siku namwambia abadilishe, hasikii. Kichwa ngumu tangu ujana."

Hatanaka akanitazama. Hakuwa mkali, nadhani hata alikuwa ananirahisishia.

"Basi niambie wewe. Ulikosea?"

Ndiyo moja ingetosha. Wangenicheka wiki nzima, wangeninunulia miwani ya mzaha, na karatasi ingeanza safari upya na muhuri wangu umenyooka, na ile minne ingeufuata kama ilivyoufuata mwanzo. Lakini hapo gemu ingekuwa yangu pia. Ikianguka, ningeanguka nayo, bila pa kujificha. Wakui alikuwa ameniwekea uongo mdogo usio na madhara, ameubeba mwenyewe hadi juu, na kilichobaki kilikuwa mimi kuitikia tu. Nilimwona Ezoe na maboksi yake.

"Sikukosea, mkuu," nikasema.

Wakui aliinuka polepole, akishika kiuno. Alinigeukia, akanishukuru kwa kuacha kazi zangu na kuja, kisha akaniinamia. Mimi sijawahi kumwinamia mtu chini kiasi kile, hata yeye enzi alipokuwa ananifundisha kazi. Nilitaka kumshika bega nimwinue, mkono ukagoma. Niliona haya kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, na bado jibu langu sikulibadilisha.

Alasiri nilipita mezani kwake. Michoro ya kijiji na ya yule bibi ilikuwa imeondolewa ukutani, gundi tu ndiyo iliyobaki. Mbele yake kulikuwa na karatasi nyeupe, na juu yake duara la kichwa.

"Mkuu," aliniuliza bila kuinua uso, "masikio ya safari hii tuyafanyeje?"

Watu arobaini walijifanya wanafanya kazi.

"Kama ya siku zote," nikajibu.

"Vyema," akasema, akaanza kuyachora.