Gugu Halijipangi Mstari

"Nani kakutuma uning'olee? Si nakuuliza wewe! Nani kakutuma?"

"Baba, punguza sauti, majirani..."

"Majirani ndio wananilisha? Unang'oa mboga zangu mchana kweupe, halafu unaniletea habari za majirani!"

Kijana kasimama mlango wa jikoni, beseni la miche kalibana ubavuni, udongo unamdondokea miguuni. Baba yake kang'ang'ania meza kwa mikono miwili kama abiria wa gari lisilo breki. Tangu amalize shule, kijana alikuwa kibarua kwenye kitalu cha miche, kazi yake kujaza udongo na kumwagilia. Mzee akampachika jina, Bwana Shamba. Zamani walicheka wote.

"Haya Bwana Shamba, nifundishe. Mchicha umekukosea nini?"

"Huu si mchicha." Akachomoa mche mmoja. "Ona majani yake mawili ya kwanza, marefu, membamba. Ya mchicha ni madogo, yana wekundu kwa chini. Nusa basi." Akaufikicha, jikoni kukanuka kama mafuta yaliyochacha. "Mnanaha huu, baba. Lile gugu la jalalani lenye tunda la miiba. Sumu!"

Mzee hakunusa. Hapo ndipo kijana alipoingiwa na baridi. Asiyejua angenusa.

Maana dalili zilikuwepo, bwana, yeye ndiye alijitia upofu. Mwezi uliopita miche miwili mitatu ilichipua katikati ya mchicha, akasema itakuwa imeletwa na samadi, akapita zake. Siku zilezile mzee akaanza kunywa maji jagi kwa jagi, midomo imepasuka. Gazeti likamshinda kusoma. Mboni za macho zikatanuka, jicho zima likawa jeusi. Na jikoni akawa anaongea peke yake. Uzee, kijana akajiambia, uzee huo.

Leo sasa, kapita nyuma ya tangi la maji, kakuta mistari minne imenyooka kama ya daftari. Gugu gani linajipanga mstari? Na kamba iliyonyooshea mistari hiyo ilikuwa uzi wa bluu wa kufumia, kutoka kikapu cha marehemu mama ambacho hakuna aliyekigusa tangu mazishi.

"Uzi wa mama unaufahamu, baba?"

Mzee akakaa. Sauti ikashuka, na heri zile kelele.

"Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Ilichanganyika tu na mchicha. Nimemaliza kula, namwona kakaa pale." Akaonyesha kiti cha dirishani. "Anafuma. Ananisema nimekonda, shati langu halina vifungo." Akacheka, machozi yanamtoka. "Ananisema, mwanangu! Miaka miwili hakuna mtu wa kunisema humu ndani."

"Utakufa, baba."

"Nakula kidogo tu."

"Naenda kwa jirani kuomba gari. Hospitali leo, utake usitake. Na hii miche naenda nayo wakaione."

"Nenda. Hiyo hospitali wewe mwenyewe utaihitaji."

"Mimi? Kwa nini?"

"Mboga ya kwenye sufuria umekula wewe. Nimekuta tupu."

Kijana akajaribu kumeza mate, hakuna mate. Kweli, alikula kasimama, karibu saa nzima iliyopita, kabla hajaenda nyuma ya tangi. Mwanga wa dirishani ukawa mkali mno, moyo unamkimbia kama katoka mbio. Na pale dirishani, taratibu, kikaanza kimlio anachokijua tangu utotoni, sindano mbili za kufumia zinagongana. Ti, ti, ti.

Hakugeuza shingo.

"Ndo unaondoka hivyo?" mzee akasema, macho yake kwenye kile kiti. "Msalimie mama yako kwanza. Au adabu umeiacha kitaluni?"

Kijana akalikumbatia beseni kwa mikono yote miwili, akatoka, akausukuma mlango kwa kisigino mpaka ukajifunga.